Redio Ilipohamia Jikoni kwa Bibi

Ilikuwa Jumatano, saa moja jioni, baba alipochomoa betri za redio tukiwa tunakula. Nimekumbuka leo, nimerudi likizo na kukuta redio ileile inaongea peke yake sebuleni.

Wakati ule watu walipokuwa wakikimbia mauaji, wanavuka daraja la Rusumo na mikeka kichwani, kwetu Kirushya redio haikuzimwa. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, huko walikokuwa wakikimbia. Kila jioni yalisomwa majina ya watu waliotafuta ndugu zao, na mama alisubiri la dada yake. Ndizi na maharage tulikula kimyakimya. "Hii redio imekuwa mkwe," bibi alisema. "Ikiongea, nyumba nzima inainamisha kichwa."

Lakini kabla ya majina zilikuja habari za maiti mtoni. Mdogo wangu, bado hata shule hajaanza, aliacha kula, kisha akaacha kuongea. Taarifa ya habari ikianza, anaingia chini ya kitanda. Jumatano hiyo alijikojolea palepale mkekani.

"Ukizima, dada yangu nitamsikia wapi?" mama alimwuliza baba.

"Na huyu tutamtafuta kwa redio gani?" Baba alikuwa amempakata, mkojo na yote.

Unajua, wote wawili walisema kweli, ndiyo maana iliniuma. 

Bibi ndiye aliyekata shauri. Redio ihamie jikoni kwake, kile kibanda cha uani. Mama akasikilize huko, sauti chini, na akirudi asisimulie. Sisi tubaki ndani na baba, tupukuchue mahindi. "Redio ina swichi," bibi alisema. "Mtoto hana."

Baba alitusimulia hadithi za sungura, mwisho wake anausahau. Mdogo wangu aliongea tena baada ya mavuno, kwa kumkosoa. Jina la mama mkubwa hatujalisikia hadi leo. Bibi tumemzika, jiko limebomoka, na sasa redio inasema kutwa nzima bila hata mmoja wetu kuinua kichwa.

Asubuhi baada ya Jumatano ile nilimkuta mama jikoni, redio mapajani, macho yamevimba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa kichwa.  Nilitoa betri, nikazianika juu ya jiwe zipate nguvu kidogo kwa jua, zimfikishe kwenye majina ya jioni.