Simu ya Griffins

Kila asubuhi, kabla ya kukamua ng'ombe, Watiri alikuwa akichukua simu ya marehemu mwanawe, Griffins, na kuandika kwenye kundi la wafugaji: "Habari za asubuhi, watu wangu." Salamu zilirudi kwa wingi, zote kwa Griffins, maana kundini hakuna aliyejua kwamba kijana amezikwa. Huko tu ndiko alikobaki hai.

Walipoitana kukutana Nyeri mjini, Watiri alishindwa kujizuia. Alitaka kuwaona hao wanaomsalimia mwanawe.

"Mama, wewe ni mgeni wa nani?" Beth akamuuliza mlangoni.

"Wa Griffins. Mimi ndiye mamake."

Ukumbi mzima ukashangilia. "Na yeye ako wapi? Ati leo anatuonea haya?" Ngatia, mwenyekiti, akampigia. Simu ikalia ndani ya kiondo cha Watiri.

"Ai! Ameachia mamake simu!" Wakacheka, wakamwekea kijana sahani yake ya nyama.

Watiri akaitazama ile sahani. Akisema ukweli, watamzika mara ya pili.

"Wacha nimwangalie hapo nje," akasema, akabeba kiondo, akatoka.

Beth akaifunika sahani, nyama isipoe. Watiri hakurudi.