Samaki Sita wa Fundi Saa

Mdogo wangu, aliyenifuata ziwa, alitengeneza saa miaka arobaini na mmoja katika kibanda chenye upana wa meza moja. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Fundi Saa, na mkewe akawa Mama Saa, ingawa hawakujaliwa mtoto.

Alikuwa mtu wa kusubiri. Angeweza kuinamia saa ya mkononi tangu asubuhi hadi adhuhuri, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akitafuta kigurudumu kidogo kuliko punje ya mtama. Mteja akimharakisha alimjibu, "Kama una haraka, katazame saa ya jirani." Nayasema haya mjue kwamba mtu huyu aliharakisha jambo moja tu maishani mwake, nami nililishuhudia.

Mkewe, yaani wifi yangu, aliugua ini akalazwa. Kwenye ukumbi wa kusubiria wa hospitali ile palikuwa na tangi la kioo lenye samaki, naye kila akisukumwa kwa kiti cha magurudumu kwenda kupimwa aliomba asimamishwe hapo kidogo. Akamwambia mumewe, "Hawa ndio pekee humu ndani wasioniuliza kama nimelala vizuri."

Siku daktari alipomwita Fundi pembeni na kumwambia kwamba baada ya wiki tatu amchukue mkewe nyumbani, sisi watu wazima tulielewa maana ya kuchukuliwa nyumbani. Fundi hakulia. Alitoka pale moja kwa moja hadi duka la samaki wa mapambo, akarudi na tangi, pampu, chujio lenye sponji ndani yake, na samaki sita wa rangi ya chungwa kwenye mfuko wa maji. Alitaka mkewe awakute wakicheza mbele ya kitanda chake. Akajaza maji na kuwatia siku hiyo hiyo.

Muuza samaki alimkanya, haya alinisimulia Fundi mwenyewe.

"Mzee wangu, tangi jipya ni bichi. Samaki wanajisaidia humo humo wanamoishi, na uchafu wao unageuka sumu. Kuna vijidudu vinavyoila hiyo sumu, lakini vinachukua wiki tano, sita kuota. Ukitia samaki leo, wataishi ndani ya choo chao."

"Sina wiki sita," Fundi akamwambia.

Yule bwana akamtazama, akaacha kubishana. Akampa chupa ya matone ya kupimia maji, na masharti. Kila siku atoe robo ya maji, atie mengine yaliyolala kwenye ndoo mpaka dawa ya bomba iishe nguvu. Chakula ni kidogo sana, leo ndiyo, kesho hapana.

Fundi aliishika kazi hiyo kama alivyoshika saa. Alifungua daftari: tarehe, rangi ya maji baada ya matone, idadi ya samaki. Manjano ni salama, kijani ni sumu. Siku ya nne maji yalipimwa kijani, samaki mmoja akafa. Siku ya tisa akafa wa pili. Nilimkuta amechutama mbele ya kioo, samaki wamepanda juu wanatweta, naye anatweta nao.

"Mdogo wangu, utajiua kwa ajili ya dagaa."

"Si dagaa hao, dada. Ni wageni wa mke wangu."

Wiki ya tatu rangi ikaanza kurudi, kijani ikawa hafifu, ikakaribia manjano. Wanne walikuwa hai, tena wanakula. Ilikuwa Alhamisi, na wifi alikuwa anarudi Jumapili.

Sasa nieleze kazi yangu. Miaka ishirini na tisa nilikuwa mfuaji wa hospitali. Mashuka yaliyopita mikononi mwangu, muuguzi mkuu aliwaonyesha wageni. Uchafu mimi siupiti, niuonapo mikono huniwasha. Basi Alhamisi ile, Fundi akiwa hospitali, nilikwenda kuiandaa nyumba. Nikapiga deki, nikafua mapazia, nikageuza godoro. Kisha nikalitazama tangi. Ile sponji ilikuwa ya kahawia, ina utelezi, inanuka tope. Nikasema moyoni, kumbe ndicho kinachowaua, mwanamume hata umpe sponji ataitunza kama ndala. Nikaitoa, nikaisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka ikawa nyeupe kama siku iliyonunuliwa.

Fundi aliporudi alisimama mlangoni akavuta hewa. "Asante, dada. Nyumba inang'aa." Halafu akaiona sponji. Akakaa kitandani na koti lake mwilini.

"Umeiosha kwa sabuni?"

"Na maji ya moto," nikasema, tena kwa kujidai.

Kisha akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba vile vijidudu makazi yao ni mle sponjini. Ule utelezi ndio vijidudu vyenyewe. "Ule uchafu, dada, ndio uliokuwa unawaweka samaki hai." Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Ijumaa maji yakapimwa kijani cha majani mabichi. Alibadilisha maji asubuhi, akabadilisha tena jioni. Jumamosi wakafa wawili adhuhuri, na mmoja jua likitua. Jumapili wifi alipoingizwa na kulazwa kwenye kitanda kilichoelekea tangi, alikuta samaki mmoja.

Alitazama sana. "Uliniambia sita."

"Tangi lilikuwa jipya," Fundi akasema. "Niliharakisha."

"Haraka haraka..."

"Haina samaki."

Wifi akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nimesimama na glasi ya maji mkononi. Mdogo wangu alikuwa amelichukua kosa langu na kulitia mfukoni mwake, kama anavyotia skrubu isije ikapotea.

Yule samaki wifi alimwita Mpangaji. "Nyumba nzima peke yake," alisema, "na bado amenuna." Kila asubuhi, kabla hatujamuuliza hali, aliuliza yeye, "Mpangaji kaamkaje?"

Niliapa kumwambia ukweli. Siku ya kwanza nikasema apumzike. Siku ya tano kulikuwa na wageni. Siku niliyopania kweli, nikavuta kiti, nikamshika mkono, nikamkuta amelala, na kutoka usingizi ule hakuamka akasema tena. Alikaa nasi siku kumi na sita. Alifariki Jumanne asubuhi, Mpangaji akiwa hai.

Wiki tatu baada ya maziko nilikwenda kumtazama Fundi. Nilimkuta ameshika kichupa cha kupimia, anakielekeza dirishani. Kilikuwa manjano tupu, kama ganda la limau.

"Limekomaa," akasema. "Siku ya nne leo halijabadilika. Yule bwana anasema sasa naweza kutia wengine."

"Utatia?"

"Nimtilie nani, dada?"

Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba samaki alionekana ananing'inia hewani. Fundi akainuka, akachota maji ya tangi kwenye beseni, akaitoa sponji. Ilikuwa imerudia kahawia yake na utelezi wake. Akaniwekea mikononi.

"Imeziba. Isuuze humu humu, kwa maji yao. Iminye mara mbili, usiisugue."

Nikaiminya mara mbili. Maji ya beseni yakawa kama chai, na sponji bado ilikuwa chafu. Mikono iliniwasha. Nikampa hivyo hivyo.

Akairudisha mahali pake, akawasha pampu, akakaa mezani na daftari lake. Akaandika tarehe, akaandika manjano, akaandika mmoja.