Usiku Sita Msituni

Kiwandani wote walimwita Turubai, na jina likamganda. Kwa miaka thelathini na mmoja alishona mahema: ya wanajeshi, ya wapima barabara, ya watalii wenye pesa za kuchezea. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala ndani ya hema hata usiku mmoja. Mganga hajigangi.

Sasa alikuwa anashona la kwake, sebuleni, kwa cherehani aliyopewa siku alipostaafu. Meza ilikuwa imesukumwa ukutani, viti vimepandishwa juu yake, na kitambaa kizito cha kijani kilitanda sakafu nzima, hata mtu akitaka kwenda jikoni ilibidi avue viatu. Mkewe hakulalamika. Alikaa dirishani, miguu iliyovimba ikiwa juu ya stuli, daftari mapajani, akipanga safari.

Kupanga ndiko kulikokuwa kazi yake. Alikuwa karani wa ghala katika kiwanda hichohicho, na wapakiaji walimwita Mizani, kwa kuwa hakuna katoni iliyowahi kumpotea. Mwaka mmoja, kabla hawajaoana, wafanyakazi walipelekwa kwa basi kutembea kwenye msitu ulio kando ya bahari. Mizani alipapenda mahali ambapo miti inateremka mpaka kwenye mchanga. Saa kumi jioni dereva akapiga honi. Alipanda basi amenuna, akaapa kwamba iko siku atarudi na kukaa mpaka achoke mwenyewe. Wakaoana, wakapata binti, wakajenga, na safari ikawa ya mwakani, kisha ya mwakani tena. Halafu figo za Mizani zikafa.

Figo zikishakufa, wiki si yako tena. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilazwa pembeni ya mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne kila mara, na mshipa wa mkono wake ulikuwa umetutumka kama kamba ya hema. Maji aliyoruhusiwa ni nusu lita kwa siku. Alinywa kwa kikombe kidogo cha kahawa, na kiu ikimzidi alimumunya kipande cha barafu. Binti yao, muuguzi katika mji mwingine, alipiga simu kila jioni kuuliza amekunywa vikombe vingapi.

Kwa hiyo safari ilipangwa kwa ratiba ya mashine: kuondoka Ijumaa akishatoka hospitali, kurudi Jumapili, Jumatatu asubuhi kitandani kama kawaida. Usiku mbili. Hata binti, baada ya kubishana sana, alikubali. Mizani alitaja vitu, mumewe akaandika: vigingi ishirini, chandarua, jiko dogo la gesi, mishumaa.

"Mchele kilo tatu," alisema Mizani.

"Kilo tatu? Mke wangu, tunakwenda wawili, na wewe unakula kama kuku mgonjwa. Umealika jeshi?"

"Andika ulivyoambiwa, Fundi."

Akaandika, akicheka. Alidhani uzee umeanza kumvurugia hesabu, na moyoni akamhurumia. Siku ya pili yake, Mizani akiwa amesinzia, alilifungua daftari kutafuta idadi ya vigingi, akakuta kibali cha ofisi ya misitu kimekunjwa katikati. Watu wawili, hema moja, kuanzia Ijumaa. Usiku sita.

Alikisoma mara tatu. Kisha alikaa chini, juu ya turubai. Mtu mwingine angekosea. Mizani hakosei.

Mizani alipofumbua macho, alikiona kibali mkononi mwa mumewe, na hakujitia hamnazo.

"Jumatatu je?" aliuliza Turubai.

"Jumatatu siendi."

"Jumatano?"

"Siendi tena, baba. Nimechoka. Siku tatu ni za mashine, na nne zilizobaki ni za kupona uchovu wa zile tatu. Miaka minne sasa. Siku ya kuishi ni ipi?"

Hasira ilimpanda, akaona bora hasira kuliko kile kilichokuwa chini yake. "Kwa hiyo unanishonesha hema nikakae msituni nikutazame unakufa."

"Hata hapa ungenitazama. Hapa na feni inayokwaruza."

"Daktari anajua?"

"Nilimuuliza. Kasema bila mashine wengi hawavuki wiki. Wengine wanafika siku kumi."

"Na ukiumwa?"

"Kaniandikia dawa. Iko kwenye orodha, namba kumi na saba."

Akatazama. Ilikuwepo, kwa mwandiko wake mwenyewe, baina ya kiberiti na sabuni. Alikuwa ameiandika bila kuuliza, kwa kuwa mgonjwa na dawa haviachani.

Alitoka nje akazunguka nyumba. Alizunguka mara nyingi, mzee mzima, jirani akamuuliza kama amepoteza kitu, naye akasema hapana. Alilia nyuma ya tangi la maji. Alitaka kukichana kibali. Alitaka kumpigia binti amletee daktari, mahakama, yeyote wa kumlazimisha. Kisha akaukumbuka mkono ule ukichomwa sindano mbili nene mara tatu kwa wiki, na yeye akigeuza uso kila mara. Mwenye mkono hakuwahi kugeuza uso. Akapiga moyo konde, akarudi ndani.

"Orodha yako ina kosa," alisema.

"Kosa gani?"

"Siku sita hazitoshi. Ukifika ya saba je? Askari wa msitu aje atuondoe? Kesho nakwenda kuandikisha kumi."

"Nilizipunguza kwa ajili yako," alisema Mizani. "Sikutaka nikuchoshe."

Turubai alipiga magoti na kuishika miguu yake iliyovimba, kwa uangalifu, kwani iliuma.

"Mtoto asijue mpaka tumekwishafika," alisema Mizani. "Atatuzuia."

"Hilo sikukubalii. Nimekupa yote. Hilo hapana."

Akapiga simu mbele yake, kwa kipaza sauti. Binti alipokea akauliza, kama kawaida, mama amekunywa vikombe vingapi.

"Mwanangu, omba likizo. Siku kumi, kuanzia Ijumaa. Unakuja na sisi."

"Siku kumi? Baba, Jumatatu mama yuko kwenye mashine."

"Najua."

Binti ni muuguzi, wagonjwa wa aina hiyo alikwisha kuwaona, hakuhitaji kuambiwa zaidi. Walimsikia akipumua, kisha akiuweka mkono juu ya simu. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya miaka mingi nyuma.

"Hema lenyewe linaenea watu watatu?"

"Lilikuwa la wawili," alisema baba yake, akinyoosha mkono kuuchukua mkasi. "Nalifumua sasa hivi."