Ukoka wa Kaka, Mbwa wa Wifi

Kaka yangu alioa akiwa na mvi tayari. Kabla ya hapo aliishi peke yake miaka mingi, nyumba ya pili kutoka kwangu, na kitu alichokipenda kuliko vyote ni ukoka wa mbele ya nyumba yake. Ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Anachukua mlango uliobonyea, anaugonga kwa nyuma taratibu, anaupaka puti, anaupiga msasa na kuupulizia rangi mpaka mwenye gari asahau aligongwa upande gani. Watu wa kazi hiyo wana ugonjwa wa macho. Kilicho sawa hawakioni, wanaona kisicho sawa tu. Jumapili asubuhi ungemkuta amelala kifudifudi barazani, shavu sakafuni, jicho moja amelifumba, anaangalia kama nyasi zimelingana. Wapita njia wageni walidhani ameanguka. Sisi majirani tulishazoea.

Mwanamke aliyemwoa alikuwa mpokea simu wa hospitali, naye amestaafu. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu alinikuta namsengenya jikoni kwake mwenyewe, akavuta kiti akaniuliza kama nimemaliza au bado. Wifi wa namna hiyo hapatikani kirahisi. Alikuja na masanduku yake na mbwa wawili. Jike, kubwa, masikio yamelala, aliitwa Meneja, kwa kuwa hakufanya kazi yoyote zaidi ya kuwaangalia wengine wakifanya. Dume, mdogo, mwenye haraka, aliitwa Karani. Kaka aliwakubali kama mtu anavyokubali mashemeji: wamekuja na mke, utafanyaje.

Haukupita muda ukoka ukaanza kutoka madoa ya manjano, makubwa kama sahani. Kando ya uzio nako pakatokea mstari mtupu wa udongo, maana Karani alikuwa akikimbia hapo kila gari lilipopita. Kaka akafanya anavyofanya gereji: palipobonyea, jaza. Alinunua mbolea ya dukani akaimwaga juu ya madoa. Madoa yakageuka kahawia. Akaongeza mbolea. Kaka yangu ni mbishi, na mbishi akipewa jibu baya hudhani hakuuliza kwa nguvu ya kutosha.

Asubuhi moja alikuja kwangu mbio, magoti yamejaa udongo.

"Mdogo wangu, nimeona. Kila doa limezungukwa na duara la nyasi za kijani kuliko zote. Mkojo wa mbwa wenyewe ni mbolea. Ukiwa mwingi pale katikati unaunguza, pembeni unapofika kidogo nyasi zinanawiri."

"Na wewe ukaongeza mbolea juu ya mbolea."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nyasi umezichoma mwenyewe."

"Tumechoma wote," alisema. "Mimi na Meneja."

Tangu siku hiyo alitembea nyuma ya Meneja na ndoo ya kumwagilia. Meneja akichuchumaa, kaka anasubiri kwa adabu, akiinuka tu anamwaga maji mengi pale pale ili mkojo upungue ukali. Alikiinua kisu cha mashine ya kukatia nyasi, kwa sababu nyasi zilizonyolewa sana huchoka upesi. Kando ya uzio alisalimu amri, akaondoa ukoka akamwaga kokoto, Karani akabaki na barabara yake. Nyuma ya nyumba alitenga kona ya mchanga, na kila asubuhi aliwapeleka huko kwa kamba, akawasifu wakijisaidia. Karani alijifunza upesi. Meneja alifika, akaunusa mchanga, akamtazama kaka, kisha akarudi zake katikati ya ukoka.

"Meneja hatumii choo cha wafanyakazi," wifi alisema.

Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kaka hakucheka. Mchana alikuwa gereji, na wifi hakuwa na moyo wa kufuata mbwa na ndoo. Jioni kaka alirudi akahesabu madoa mapya kabla hata ya kusalimia.

"Mbwa wako ananidharau," alimwambia mkewe.

"Hakudharau. Anakojoa."

Yakawa hayo hayo kila jioni, na mimi niliyachukulia kama mchezo. Nilikosea.

Siku moja wifi alikwenda kupima presha. Aliporudi alikuta geti liko wazi na Meneja hayupo. Kaka alisema alisahau kufunga komeo alipotoka. Alijilaumu sana, tena kwa maneno mengi, na yeye si mtu wa maneno mengi. Tulimtafuta Meneja mchana kutwa, sisi watatu, mtaa kwa mtaa. Njia panda kaka aliweka viganja mdomoni akaita, "Meneja! Meneja!" Watu wawili wenye tai waligeuka. Siku zilizofuata wifi aliendelea kutoka peke yake, akiita, mpaka sauti ikamkauka. Halafu akaacha.

Baada ya hapo alikuja jikoni kwangu nikiwa namenya viazi. Alichukua kisu cha pili akaanza kunisaidia.

"Wifi, kaka yako ndiye aliyempeleka Meneja mahali."

Nilimwambia asiseme hivyo.

"Kaka yako hajasahau komeo la geti hata siku moja. Lakini hata bila komeo. Mimi nimepokea simu maisha yangu yote. Mtu anayemtafuta mgonjwa wake huuliza, halafu hunyamaza asikilize. Pale njia panda kaka yako aliita, hakunyamaza hata mara moja."

Nilikumbuka ile njia panda. Ni kweli, hakunyamaza.

"Basi mwambie," nilisema. "Mbane, atasema alikompeleka."

"Nikimbana atamrudisha kwa kuwa nimemshika. Nataka nijue atafanya nini asiposhikwa." Alidondosha kiazi ndani ya maji. "Nimempa mpaka mwezi uishe. Ukiisha na bado ananidanganya, narudi kwa dada yangu. Nguo nimeshazipanga. Na wewe usimwambie."

Nilikasirika, sifichi. Kwanza nilimkasirikia kaka, mtu mzima anayeweza kusimama njia panda akaita jina la mbwa aliyemficha mwenyewe. Kisha nilimkasirikia wifi kwa kunibebesha mzigo huo. Yule ni kaka yangu. Nilimwona alivyoishi kabla ya wifi, akila chakula amesimama kando ya jiko, sufuria ikiwa ndiyo sahani. Neno moja langu lingeokoa ndoa yake. Lakini ningelisema, aliyemrudisha mbwa ningekuwa mimi, na wifi angeolewa na mimi. Nikafunga mdomo.

Ukoka ulipona. Kaka alikata vipande vya nyasi nyuma ya nyumba akavipachika penye madoa, akavikanyaga, akavimwagilia, vikashika. Alituita tuje tuone. Alilala kifudifudi barazani kama kawaida yake, akafumba jicho, akainuka na uso wa mtu aliyemkabidhi tajiri gari lake. Kweli ulikuwa mzuri. Haukuwa na doa, haukuwa na kovu.

"Umependeza, Fundi," wifi alisema, kwa sauti ile aliyotumia kumwambia mtu kwenye simu kwamba daktari ametoka. Zamani alikuwa akimwita mume wangu, hata mbele za watu. Sasa alimwita Fundi, kama wateja.

Karani aliacha kukimbia kando ya uzio. Magari yalipita, yeye amelala mbele ya geti, kidevu juu ya miguu. Kaka alimpitia na ndoo ya maji ambayo haikuwa na kazi tena, akamwagilia mahali pasipohitaji. Siku zilibaki chache. Nilimkuta ameketi ngazini.

"Nyasi zimekubali," aliniambia.

"Nimeziona."

"Sasa mbona hakuna anayefurahi?"

"Muulize anayeweza kukujibu," nilisema, nikaondoka kabla sijaharibu.

Yaliyotokea Jumamosi ya mwisho ya mwezi kaka alinisimulia mwenyewe baadaye. Alitoka asubuhi bila nguo za kazi, akaendesha mpaka nje kidogo ya mji, kwa mteja wake anayeuza matairi. Huko ndiko alikokuwa amempeleka Meneja, alinde ua. Alimkuta amefungwa mnyororo nyuma ya rundo la matairi, kwenye saruji tupu. Alitegemea mbwa angemnunia. Meneja alisimama, akatikisa mkia na kiuno chote, akajikojolea kwa furaha. Kaka yangu, aliyezika baba na mama kwa macho makavu, alichuchumaa pale pale akalia.

"Mchukue," muuza matairi alimwambia. "Tangu aje hajabweka hata kidogo. Wezi wangeweza kumwomba awashikie tochi." Halafu, kwa kuwa ni mtu wa biashara, akampa na maneno ya kusema nyumbani. "Sema umemkuta barabarani, anarudi mwenyewe. Mkeo atafurahi, na wewe utaonekana shujaa."

Kaka aliyachukua maneno hayo pamoja na mbwa. Njia nzima aliyafanyia mazoezi.

Mimi nilikuwa barazani kwao na wifi, tunachambua mchele, gari liliposimama. Meneja aliruka nje. Karani alitoa sauti ambayo sikujua anayo, wakagongana vichwa, wakazunguka ukoka wote wakirusha udongo, na vile vipande vilivyopachikwa viking'oka. Wifi alishuka ngazi akapiga magoti, akamshika Meneja masikio. Alimpapasa shingo, pale manyoya yalipolala kwa mnyororo. Hakuinua kichwa.

"Umempata wapi?" aliuliza.

Nilitazama mchele, maana ningemtazama kaka angesoma kila kitu usoni kwangu.

"Nimemkuta bara..." alianza. Akanyamaza. Safari hii alinyamaza kweli, mpaka nikasikia mbwa wanavyohema. "Sikumkuta. Nilimpeleka mwenyewe. Nilifungua komeo mimi, nikampakia mimi. Alikuwa kwa muuza matairi siku zote hizi."

"Na ulipokuwa unamwita pale njia panda?"

"Nilijua hayupo."

Wifi alisimama taratibu, mkono mmoja gotini. Macho yalikuwa yamelowa, lakini sauti haikuyumba.

"Nimemwita mpaka sauti imekauka," alisema. "Na wewe ulikuwa ukinichemshia maji ya tangawizi ya koo. Usije ukaniacha tena niite mtu asiyeweza kunisikia."

Kaka alisema hatarudia. Alisema mara moja tu, na hakuongeza kitu.

Wifi aliingia ndani. Tulibaki mimi na kaka, hatuangaliani. Kutoka chumbani nilisikia zipu ya begi ikifunguliwa, kisha droo, kisha droo nyingine, na mlango wa kabati. Kaka aliniuliza mkewe anatafuta nini huko.

"Anarudisha nguo zake," nilimwambia.

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliketi chini, juu ya nyasi.