Keki Iliyokataa Kuiva Siku ya Safari

Swichi ya oveni yetu ilijizima mara ya kwanza nikiwa nimeipa mgongo. Mara ya pili ilijizima ikiwa mpya kabisa, nimeifunga mwenyewe.

Mnielewe, jamani. Mimi ni fundi umeme. Swichi niliyoifunga mimi haina tabia hizo.

Siku hiyo mke wangu alikuwa anasafiri. Ni muuguzi, alipata kazi hospitali ya mbali, mkataba wa mwaka mzima. Gari la kumchukua lilikuwa linakuja jioni. Yeye alikuwa chumbani anapanga begi, mimi niko jikoni na binti zetu wawili tunaoka keki ya kumuaga.

Mkubwa tunamwita Meneja, maana hakuna jambo linalopita bila yeye kulisimamia. Mdogo ni Kidoti. Huyo ana miaka minne, na ukimwambia kitu amekishika hicho hicho.

Mimi nilikuwa sikai. Tangu asubuhi nilikuwa nimefagia ua, nimekaza bawaba za mlango, nimepiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Nikitulia tu, moyo unaanza kelele zake.

"Baba, hiyo ni keki au zege?" Meneja akaniuliza. Nilikuwa nakoroga mpaka unga unaruka ukutani.

"Wewe vunja mayai, acha kumsumbua fundi."

Nikamimina rojo kwenye trei, nikaisukuma ndani ya oveni. Nikawaambia, "Haya. Keki ikiiva tu, tunamuaga mama."

Meneja akaitikia. Kidoti akaendelea kulamba mwiko.

Nilienda uani kutupa maganda ya mayai. Narudi, oveni imezima.

Mtu mwingine angebonyeza swichi, akaendelea na maisha. Mimi nikasema hapana, hii imelegea ndani. Nikazima umeme wa nyumba nzima, nikaleta bisibisi, nikaing'oa, nikafunga mpya kutoka kwenye mkoba wangu wa kazi. Keki nayo inanisubiri, imeanza kuumuka upande mmoja.

"Umezima taa mpaka huku!" mke wangu akapiga kelele kutoka chumbani.

"Subiri kidogo, Mama Kidoti!"

Nikawasha. Nikaenda kunawa mikono. Narudi, imezima tena.

Weee! Jasho likanitoka. Nikaiwasha, safari hii nikajibanza nyuma ya mlango, mtu mzima na bisibisi mkononi.

Haukupita muda, Kidoti akaja anavuta kigoda. Akapanda, akanyoosha kidole, tii! Akazima.

"Kidoti!"

Alishtuka akaanza kulia hapo hapo. "Wewe ulisema keki ikiiva mama anaondoka. Mimi sitaki iive."

Nikambeba, nikawasha oveni, nikatoka naye barazani. Meneja naye akatufuata. Nikawaeleza kwamba mama anaondoka kwa sababu ya kazi, keki haihusiki. Nikajikaza nikaongea kama mtu anayejua anachosema.

Tuliporudi jikoni, oveni ilikuwa imezima.

Kidoti nilikuwa nimempakata muda wote. Meneja alikuwa kando yangu. Tukatazamana.

"Mimi usinitazame hivyo," Meneja akasema. "Nilikuwa na wewe."

Nikaenda chumbani moja kwa moja. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani. Begi liko wazi, na nguo alizokuwa amezipanga asubuhi zote ziko nje.

"Ya mwisho nimezima mimi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Niliwasikia mkiongea barazani. Nikapita tu kunywa maji, nikajikuta nimeizima."

"Kwa nini?"

"Baba Kidoti, toka nipate hii kazi umemtangazia kila mtu. Umenunua begi. Umepanga nani atawapeleka watoto shule. Lakini hujawahi kuniuliza kama nataka kwenda."

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli. Kila nikiogopa nilikuwa natafuta kazi ya kufanya, na yeye alidhani nina haraka aondoke.

Nikakaa chini pale sakafuni. "Haya, nakuuliza. Unataka kwenda?"

Akafuta macho kwa kiganja. "Nataka. Nataka sana. Ndiyo maana naona vibaya hata kuwatazama hawa watoto."

"Na mimi sitaki uende," nikasema. "Lakini nenda."

Hapo ndipo nilipolia, na sikujificha.

Tulirudi jikoni wote. Mama yao akachuchumaa mbele ya Kidoti, akamwambia, "Ikiiva nitaondoka. Na nitalia njiani. Halafu mkataba ukiisha, nitarudi. Unataka kuiwasha wewe?"

Kidoti alifikiria sana. Akanyoosha mikono abebwe na mama yake, akabonyeza swichi mwenyewe.

Keki ilitoka imebonyea katikati, upande mmoja mbichi. Tuliila ya moto kwa mikono, dereva anapiga honi nje na hakuna aliyemjibu.

Wenzangu akina baba, ukimwona mkeo kanyamaza, usikimbilie bisibisi. Kaa chini umuulize. Na kama unaogopa, mwambie unaogopa. Mimi niling'oa swichi nzima kwa sababu sikutaka kusema neno hilo.