Jogoo Kutoka Mwakiro

Katikati ya vita, watu wakiwaza wakimbilie wapi, mume wangu aliwaza kufuga kuku wa kizungu. Alikuwa fundi cherehani hapa Gitega, na kwa kuwa suruali zake ziliwakaa watu vizuri, aliamini hakuna kazi itakayomshinda. Veterineri mmoja, daktari wa mifugo, akamwuzia vifaranga weupe, akaapa: "Hawa ni mbegu bora, wametoka mbali."

Kweli walitoka mbali, maana magonjwa ya kwetu hawakuwahi kuyasikia. Mvua zilipoanza wakahara damu. Veterineri akaja na dawa. Walipozidi kufa akaja na maelezo, kwamba ni vijidudu vya tumboni, vinaishi kwenye kinyesi na unyevu. Nilimshukuru. Si kila siku mtu mwenye diploma anakuja kukueleza kwamba kuku wako wanakufa. Walibaki mitetea watatu.

Mama mkwe alikuwa akiishi Mwakiro, kule Muyinga. Barabara ilipofunguliwa alipanda lori la kwanza, amepakata jogoo mwenye shingo tupu kama aliyenyonyolewa nusu. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari akarudi nyuma.

"Mama, huyu kuku iko mgonjwa?"

"Ni sura yake tu, mwanangu."

Wakamwachia. Mbuzi wa abiria mwenzake hakubahatika kuwa na sura mbaya.

Jogoo alipofika nyumbani, mume wangu alikaribia kulia. "Mama, huyu ataniharibia mbegu!"

"Mbegu gani? We uko na mitetea tatu na shimo ya kuzikia. Mi najua ukoo wa huyu. Mama yake, bibi yake, wote walikula matopeni. Wale wa kuharahara walikufa zamani, hawakuacha watoto."

Mitetea, angalau, hawakujali sura. Vifaranga walitoka na madoadoa, wengine shingo tupu. Mvua zikarudi, banda lile lile, matope yale yale. Baadhi walihara siku mbili, wakasimama, wakaendelea kula. Walikufa wawili tu. Haikupita wiki, mume wangu alikuwa akiwasimulia wateja jinsi alivyopanga uchanganyaji huo tangu mwanzo.

Veterineri akaja na daftari. "Kinga hii wanairithi," akatangaza. "Iko kwenye damu ya baba."

"Umesoma miaka ngapi kujua hiyo?" mama mkwe akamwuliza.

Veterineri akacheka kidogo, kisha akaomba jogoo mmoja mdogo, kwa ajili ya utafiti. Mama mkwe alikubali, ila kwanza akamkabidhi ufagio na kumwonyesha banda. Alifagia vizuri zaidi kuliko alivyotibu.