Ng'ombe Mwekundu wa Upande wa Kushoto

Ipo siku moja sitaisahau, mjukuu wangu, hata nikisahau jina langu. Ni siku niliyosimama mbele ya wazee wa kijiji cha Mamba, jua la saa saba, nimevaa koti la watu, nikawasomea mizania. Jana uliponionyesha karatasi zako za mkopo wa tangawizi, mali zako zote umezipanga vizuri kwa mashine, nilinyamaza ukadhani macho yangu yameshindwa kusoma. Hayakushindwa. Nilikuwa najizuia kucheka, maana nilijiona mimi mwenyewe. Basi kaa, tia hiyo simu mfukoni, nikusimulie.

Enzi hizo ni za Mwingereza. Nilikuwa karani kijana kwenye chama cha wakulima wa kahawa huku milimani, na chama kilinipeleka Moshi kujifunza hesabu. Nilirudi mtu mwingine. Kalamu mfukoni, shingo imesimama, mama akiniuliza kama nimekula namjibu kwamba kwanza nifunge hesabu. Hesabu zenyewe za nyumbani, mwanangu! Debe tupu haliachi kuvuma.

Mwalimu wetu wa kule alikuwa mtu mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitufundisha kwamba mizania ni karatasi iliyogawanywa katikati. Kushoto unaandika madeni yako pamoja na mtaji wako, kulia unaandika mali, na jumla za pande mbili lazima zilingane. Ndivyo Waingereza walivyopanga. Mali nazo zina mpangilio wake: kinachogeuka fedha upesi kinatangulia juu, kisichouzika upesi kinakaa chini. Hayo niliyashika kama Sala ya Bwana. Lakini lipo alilolisema kengele ya chakula ikiwa imeshalia, kwamba deni huulizwa kwanza kabla halijaandikwa. Hilo lilinipita. Nilikuwa nawaza ugali.

Sasa, nilikuwa nampenda Namkunda, binti wa Mzee Kiondo wa Mamba. Nampenda kweli, sikufichi. Nikimwona kanisani nasahau ni ubeti wa ngapi. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na alishawarudisha wachumba kadhaa kwa kosa la kujisifu tu. Akatuma neno kwamba nije na mshenga, wasikie nina nini cha kumtunzia binti yao. Akikataa, basi, hapana pa kukata rufaa, nasi Wapare tunavyoipenda rufaa unatujua. Mtu huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushitaki kesi ya kuku.

Baba yangu alikuwa amefariki nikiwa shuleni, kwa hiyo mshenga wangu alikuwa baba mdogo Elieza. Yeye alisema maneno nimwachie yeye. Tutakwenda kwa unyenyekevu, tutataja kidogo, wazee watajaza wenyewe. Nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani, mimi nitasoma mizania. Akaniuliza hiyo mizania imeandikwa nini. Nikamjibu ataisikia huko huko pamoja na wengine.

Nikazunguka boma na penseli. Kuku wanauzika hata leo jioni, nikawaweka juu kabisa. Wakafuata mbuzi, kisha ng'ombe wanne waliokuwa zizini. Ikafuata baiskeli, ambayo kwa milima hii niliibeba mimi kuliko ilivyonibeba. Nikaandika hata siku yetu ya maji kwenye ndiva, lile bwawa la ukoo tunalofungulia mifereji kwa zamu. Chini kabisa, mahali pa visivyouzika upesi, nikaandika shamba.

Mama alikuwa anachambua maharage ya makande. Akasema, "Yule mwekundu, kabla hujamwandika, muulize baba yako mdogo. Ndiye aliyemleta hapa."

Nikamweleza mama kwa upole wa mtu aliyetoka Moshi kwamba ng'ombe yuko zizini kwetu, anakula majani yetu, na maziwa tunakunywa sisi, kwa hiyo kitabuni huyo ni mali. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye maharage yake. Upande wa kushoto nikaandika, madeni hakuna, mtaji mimi mwenyewe. Pande zikalingana. Nilifurahi mpaka nikapiga mluzi.

Asubuhi ya safari nikaanika shati langu jeupe uani. Niliporudi kutoka kuoga nilikuta mwekundu amelishika mkono, anatafuna taratibu na macho ameyafumba. Nilivuta, akavuta. Mkono ulibaki kwake. Ikabidi niazime koti zito la karani mwenzangu nilivalie juu ya shati la mkono mmoja, na nikaapa silivui hata nife. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, ila siku hiyo nilitaka isitiri bega tu.

Tukafika Mamba. Shikamoo kwa wazee wote, marahaba, tukapewa vigoda na togwa. Baba mdogo akafungua maneno vizuri sana, kwa mafumbo ya heshima, wazee wakawa wanaitikia. Wakati bado anaendelea mimi nikasimama, nikakohoa, nikakunjua karatasi.

Nikaanza na kuku. Mzee mmoja akauliza mbona naanza na kuku. Nikamweleza habari ya kugeuka fedha upesi. Akataka kujua shamba liko wapi. Nikasema liko chini, mwisho. Akageuka kwa mwenzake akamwambia, shamba aliloachiwa na babu yake ameliweka chini ya kuku, na yule mwenzake akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama amepewa habari ya msiba. Jasho likaanza kunitoka. Nikarukia ng'ombe.

Nilipofika kwa mwekundu, baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikadhani ananihimiza, nikapaza sauti. Akanikanyaga tena, safari hii kwa kisigino. Nikamsifu yule ng'ombe kwa kimo chake, kwa maziwa yake, na kwa thamani yake kwa shilingi, nikamaliza kwa kusema kwamba huyo hasa ndiye niliyemtenga kwa ajili ya mahari.

Mzee Kiondo akaweka kibuyu chini.

"Huyo mwekundu," akasema, "bado anakula nguo?"

Mwanangu, mkono wangu ulikwenda begani wenyewe. Nikasema ndiyo, Mzee, anakula.

"Alikula kanga ya mke wangu, nikaona bora akafugwe mbali. Nikampa Elieza, akampeleka kwa marehemu baba yako. Sasa wewe unataka kunilipa mahari kwa ng'ombe wangu?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi. Baba mdogo aliinamisha uso kwenye kofia yake. Nyuma ya mlango nikasikia kicheko ninachokijua, cha Namkunda, na hicho ndicho kilichonimaliza. Nikasahau kiapo, nikavua koti kwa joto la aibu, nikasimama pale na mkono mmoja wazi. Wakaanza kucheka upya.

Desturi yenyewe niliijua tangu utoto, kila mtu huku aliijua. Watu walikuwa wanawekeshana ng'ombe. Huwaweki wote zizini kwako, maana ugonjwa ukija watakufa wote, na ndugu wenye shida nao wana macho, wakiona wengi watakuomba. Unawasambaza kwa watu unaowaamini, wao wanapata maziwa na samadi, na ng'ombe akizaa vizuri mfugaji hupewa ndama. Kwa hiyo aliye zizini kwako huenda si wako, na aliye wako huenda hujawahi kumwona. Hayo niliyajua, nikayaacha Moshi.

Mzee Kiondo hakunifukuza. Aliniambia niende nikaulize, nikimaliza kuuliza ndipo niandike, na nikirudi nianze kusoma na upande ule niliouacha mtupu. Asiporidhika, binti yake ataolewa kwingine. Alisema hivyo bila ukali, na ndiyo maana niliogopa.

Tukatembea mimi na baba mdogo, yeye mbele, hasemi nami. Tuligundua kwamba katika wale wanne zizini, wetu alikuwa mmoja tu, yule kizee wa pembe iliyovunjika. Nilitaka kulia. Lakini tukateremka mpaka Kwakoa, na huko mzee mmoja aliponiona alinishika mikono yote miwili, akasema amengoja miaka mtoto wa rafiki yake aje kuuliza. Akanionyesha majike mawili ya baba. Tukapanda Ugweno, tukakuta jingine na ndama wake. Hapo nililia kweli. Baba yangu alikuwa ameniwekea mali milima yote hii, nami nilikuwa nahesabu kuku.

Tuliporudi Mamba nilisoma kushoto kwanza. Mzee Kiondo, ng'ombe mwekundu. Wengine wawili, nikawataja wamiliki wao. Mzee wa Kwakoa, ndama wake kwa kufuga. Karani mwenzangu, koti. Mama, samahani. Maji ya ndiva nikayafuta, maana ni ya ukoo, mimi nina zamu tu. Nilipotaka kuvuka kwenda kulia, ambako shamba sasa lilikuwa juu kabisa, Mzee Kiondo akanizuia. Akasema huko hana haja ya kusikia.

"Ila niambie, karani. Binti yangu utamwandika upande gani?"

Kitabu cha Moshi hakikuwa na ukurasa huo.

"Usithubutu kumwandika kulia," akasema. "Namkunda si mali. Mwandike kushoto. Ni amana ya watu, na kila ukiamka utakuwa unadaiwa."

Hivyo ndivyo nilivyooa, mwanangu.

Sasa turudi kwenye karatasi zako. Ile pikipiki iliyoegemea ukuta wangu hujamaliza kuilipia, nawe umeiweka juu ya mali zote. Ihamishe. Shamba la kikundi si lako, una zamu tu. Ada aliyokulipia shangazi yako sijaiona popote, wala jina lake. Usiniambie benki hawaulizi hayo, wewe jiulize. Anza na upande wa kushoto, uuandike wote, uwaulize wenye vyao wangali hai, ndipo uhesabu chako. Kitakuwa kidogo kuliko ulivyodhani, au pengine kikubwa, lakini kitakuwa chako, na hakuna mzee atakayekuuliza habari za kula nguo mbele ya mchumba. Dawa ya deni ni kulipa, ila halilipiki usilolijua.

Mungu akubariki, tangawizi yako ishike, na wale waliokuwekea mema usikokujua akuongoze ukawakute wakikungoja. Haya, inuka. Bibi yako anaita, makande yameiva, na kuni sijampasulia. Nikichelewa ataniambia nisome kushoto.